Zawadi ya Kupitwa

Nyumba ya Bi Marsiyem ilikuwa na watu watatu tu, wote wanawake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na sifa ya kunywa maji mengi. Hata hivyo galoni za maji zilikwisha pale upesi kuliko kwenye nyumba zenye wavulana. Majirani wa uchochoro ule wa Pamulang walikuwa wameliona jambo hilo zamani. Jakarta ina vituko vyake, lakini huku pembeni mtu akifungua mlango huona paka, vyungu vya maua na mkokoteni wa mboga, kwa hiyo galoni za Bi Marsiyem zikawa ndizo habari zenyewe. Maji yakiisha, Palupi hupiga simu. Akipiga simu, Wasis huja na pikipiki yake, galoni moja kila upande, naye huwa amechana nywele.

"Kwa wateja wengine huenda na kofia," Titi, mdogo wake Palupi, aliwahi kusema mbele ya wanawake waliozunguka mkokoteni wa mboga. "Kwetu tu ndiko anakokumbuka kwamba Mungu alimpa nywele."

Wanawake walicheka mpaka muuza mboga akasahau bei ya tofu. Palupi aliendelea kuchagua mchicha wake kana kwamba anayesemwa anaishi mtaa mwingine.

Ijumaa hiyo Wasis alileta galoni sita badala ya mbili, maana Jumapili kulikuwa na ugeni. Titi alikuwa anaposwa. Mchumba wake, Danar, kijana mpole aliyefanya kazi Bekasi, upande wa pili kabisa wa jiji, angekuja na wazee wake kwa njia inayotakiwa, na kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa kimoja. Titi alikuwa na miaka ishirini na mitano. Palupi alikuwa na thelathini na mitano, na hajaolewa.

Kwa watu wa Java mdogo hamtangulii mkubwa wake hivi hivi. Anayetaka kumpita dada yake kwenye ndoa sharti apige magoti mbele yake, watu wakiona, aombe ruhusa. Mkubwa naye hutaja zawadi anayoitaka. Akinyamaza, hakuna ndoa. Akitaja, bwana harusi hana budi kuileta. Wengi hutaja pete au kitambaa kizuri cha batiki, na siku hizi wapo wanaotaja simu ya mkononi bila haya, tena na rangi yake.

Wiki nzima Titi alikuwa akimfuata dada yake kutoka chumba hiki hadi kile.

"Mbak, dada yangu, niambie basi. Danar halali. Anaogopa utataja gari."

"Nitasema Jumapili."

"Hata herufi ya kwanza tu?"

"Jumapili, Titi."

Titi alidhani dada yake anaringa, na alifurahi, kwa sababu Palupi hakuwahi kuringa maishani mwake na ilikuwa haki yake mara moja. Ukweli ni kwamba Palupi hakujua aseme nini. Kila alichokitaka, alipokifikiria vizuri, hakikuwa kitu cha kuuzwa dukani. Na kwa mdogo wake hakuwa na kinyongo hata kidogo. Yeye ndiye aliyemsuka nywele akienda shule, yeye ndiye aliyemsomesha kwa mshahara wa duka la dawa baba yao alipofariki. Alitaka Titi aolewe. Alichokuwa hakitaki ni asubuhi ya siku ya pili yake, atakapoamka na kukuta nyumba imebaki na yeye, mama yake na ile televisheni.

Jikoni, Wasis aliteremsha galoni ya kwanza begani. Walikuwa na utaratibu wao. Yeye huweka galoni sakafuni na kung'oa kifuniko, Palupi huinama na kuifuta mdomo kwa kitambaa safi, kisha yeye huinyanyua na kuipindua juu ya chombo cha maji, na kwa kitambo kidogo, maji yakigugumia, vichwa vyao huwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Miaka minane hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, kitambaa na galoni, na Bi Marsiyem ameketi sebuleni akiwa amepunguza sauti ya televisheni.

Hawakuanza hivyo. Zamani Wasis alifanya kazi Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kazi yenye mshahara na kofia ngumu, na akaja na wazee wake kumposa Palupi kama mwanamume yeyote mwenye adabu. Bi Marsiyem aliwakaribisha chai, akawauliza kijana wao ni mtoto wa ngapi. Wakasema wa tatu. Akasikitika sana. Palupi ni mtoto wa kwanza, alisema, na wa kwanza haolewi na wa tatu, kila mtu anajua, nyumba ya namna hiyo huingiwa na kifo au ufukara. Mwaka uliofuata Wasis akarudi tena na mjomba wake mwenye maneno mazuri zaidi, akajibiwa yaleyale kwa chai ileile. Basi akaacha kazi ya Balikpapan, akaja kufungua duka la kujaza maji mtaa wa pili kutoka kwa Palupi. Waliomwona mjinga walikuwa wengi. Palupi hakumwona mjinga, lakini hakujua pia amwambie nini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumpiga teke mama mjane na kwenda zake.

"Hizi ndizo za mwisho kwa mkono wangu," Wasis alisema sasa, akiiangalia galoni. "Mwezi ujao ataleta binamu yangu. Nimemwachia duka."

Palupi aliendelea kuifuta ile galoni iliyokwisha kuwa kavu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Purworejo. Mama ameanguka bafuni. Kaka zangu wamekaa kikao, wakaona asiye na mke ndiye asiye na shughuli."

"Kwa muda gani?"

"Pi, mtu harudi kijijini kwa muda. Kuna mpunga kule, kuna nyumba, na yeye hawezi tena kusimama peke yake." Aliokota kifuniko cha galoni sakafuni. "Lile jambo sitakuuliza tena. Niliuliza mara mbili, nikajibiwa mara mbili, na mimi si wa kumgombanisha mtu na mama yake. Sikutaka tu uje usikie kwenye mkokoteni wa mboga kwamba nimeondoka."

"Tiketi umekata?"

"Nimekata. Treni ya Jumatano."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya kuleta gesi, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Palupi. Angalau angegombana. Miaka yote hiyo hajamgombeza hata siku moja, na yeye alikuwa amezoea kuuchukua ule upole kama mtu anavyozoea bomba la maji, mpaka siku linapokatwa.

"Na mimi nikiishiwa nimwite nani?"

"Binamu yangu atatumia namba ileile."

"Siulizi maji, Mas," alisema Palupi, kwa lile neno la heshima alilomwita siku zote.

Wasis alimtazama. Hakuwa mwanamume mzuri sana wa uso, na mvi zilikuwa zimeanza masikioni, lakini alikuwa na namna ya kumtazama Palupi kana kwamba kila kitu kingine jikoni mle kimetolewa nje. Kisha Bi Marsiyem akakohoa sebuleni. Kikohozi chake siku zote kilijua wakati. Wasis akanyanyua galoni, akaipindua, akashuka kuchukua nyingine.

* * *

Jumamosi asubuhi aliingia Mama Mkubwa Tumirah kutoka Klaten, amesafiri na basi usiku kucha na hana usingizi wala uchovu, gunia la mchele mkononi na maneno ya mwaka mzima mdomoni. Alikuwa dada yake mkubwa Bi Marsiyem, na mila zote za ukoo zilikuwa kichwani mwake. Kabla hajavua baibui la safari alikuwa amekwisha kuonja mchuzi na kusema una chumvi pungufu.

Mchana walikaa yeye na Palupi ukumbi wa nyuma, wakifunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba. Titi alikuwa amekwenda kushona nguo, na mama mtu alikuwa sokoni. Mama Mkubwa alifunga vipande vitatu wakati Palupi anafunga kimoja, na mdomo wake ukifanya kazi sawa na mikono. Alisema Titi ana bahati. Alisema Danar ana masikio ya mtu mwaminifu. Kisha akauliza Palupi atataja zawadi gani, na Palupi akasema hajui.

"Taja dhahabu. Dhahabu haichuji." Mama Mkubwa alikata jani kwa meno. "Ila ingekuwa yule kaka yenu yu hai, leo mngekuwa mnahangaika na ya kwake, si ya kwako. Yeye ndiye ambaye angepitwa."

Palupi alidhani bibi huyu amechanganya ukoo mwingine.

"Kaka yupi?"

"Sugeng."

"Sugeng ni nani, Mama Mkubwa?"

Ndipo mikono ya Mama Mkubwa ikasimama, jambo lisilotokea mara nyingi. Alimtazama Palupi usoni kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alishusha jani pajani na kueleza polepole. Kabla ya Palupi, mama yake alizaa mtoto wa kiume kule Klaten. Alilia vizuri, akapewa jina, akafanyiwa shughuli yake, kisha akashikwa na homa na arobaini yake haikufika. Amezikwa pembeni ya babu yake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, ukoo unapokwenda kusafisha makaburi, Mama Mkubwa humng'olea majani yeye mwenyewe kwa mkono wake, maana mama mtu tangu aje Jakarta hajawahi kurudi pale.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Mama yenu Yem hakuwaambia?"

"Huyo huhesabiwa?" aliuliza Palupi, na sauti yake aliisikia kama inatoka kwa jirani. "Kwa mila. Aliyekufa mchanga, huhesabiwa?"

"Aliyelia akapewa jina anahesabiwa, mwanangu. Utamfutaje mtu mwenye jina? Wewe ni wa pili. Kwani ulidhani wewe ni wa ngapi?"

Palupi alifunga ule wali uliokuwa mkononi mwake, akaukaza kwa kijiti, akauweka juu ya wenzake. Kisha akaingia ndani kunawa mikono, akainawa kwa muda mrefu.

Bi Marsiyem aliporudi sokoni, binti yake alikuwa amesimama jikoni akimngoja. Alimpokea kapu, akatoa vitunguu, akatoa tangawizi, kila kitu mahali pake. Hakupandisha sauti. Katika nyumba ile watu hawakuwa na desturi ya kupandisha sauti, na labda ndiyo maana mambo yalikaa ndani muda mrefu hivyo.

"Mama, umewahi kuzaa mtoto anaitwa Sugeng?"

Bi Marsiyem alitazama kuelekea ukumbi wa nyuma, ambako dada yake alikuwa ghafla kimya sana.

"Tumirah mdomo wake haujawahi kuwa na mlango."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama gani asiyejua amezaa mara ngapi?"

"Wakati wazee wa Wasis wamekaa pale sebuleni, ulijua kwamba mimi si wa kwanza."

"Nilijua."

"Mara zote mbili."

Bi Marsiyem alivuta kiti cha plastiki akaketi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, na alipoketi hivi, miguu ikiwa haigusi vizuri sakafu, alionekana kama msichana aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Baba yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini," alisema. "Titi hajamaliza shule. Anakuja mwanamume, mzuri, mwenye adabu, anataka kukupeleka Balikpapan kwa ndege. Ningewaambia nini wale wazee? Kwamba naogopa? Mila unaweza kuisema mbele za watu, Palupi. Hofu husemi."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia, ungebaki kwa huruma. Sikutaka huruma yako."

"Nimebaki hata hivyo, Mama."

Bi Marsiyem alichukua kitunguu akaanza kukimenya, na kwa kuwa kilikuwa kitunguu, machozi yake hayakuwa na haja ya kuelezwa. Alisema, bila kuinua uso, kwamba mwanzoni ilikuwa ni kwa ajili ya ada ya Titi. Baadaye Titi akamaliza shule, akapata kazi, na yeye akawa kila mwaka anasema atalisema jambo lile mwaka ujao. Kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyozidi kuwa zito kulisema.

Palupi alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika, na hakujua hasira hiyo aiweke wapi, kwa sababu aliyemfanyia hivyo alikuwa ni huyu mbele yake, mfupi, anayemenya vitunguu. Akachukua kisu cha pili akaketi kumsaidia.

* * *

Jumapili viatu vilijaa mlangoni mpaka barabarani. Wazee wa Danar walikuja na masinia ya matunda, vitambaa na keki, wakaketi kwenye mikeka upande mmoja, wenyeji upande mwingine, na majirani walijibana popote palipobaki. Mjomba wa Danar, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, alizungumza kwa Kijava kirefu chenye heshima hata vijana wakaanza kutazama feni. Bi Marsiyem alikubali posa kwa niaba ya marehemu mumewe. Kisha msemaji akasema limebaki jambo moja, nalo ni la dada mtu.

Titi alitoka katikati na nguo yake ya kijani, akapiga magoti mbele ya Palupi. Alikuwa ameyakariri maneno yake wiki nzima, lakini alipoushika mkono wa dada yake na kuuweka kwenye paji la uso, yakampotea nusu.

"Mbak," alisema, "naomba unipishe. Si kwamba sikuheshimu. Kila nilichonacho nimekipata kwako. Kama moyo wako una uzito, sema, nami nitangoja."

Alimaanisha. Palupi alijua anamaanisha, na kwamba lau angemwambia angoje mwaka, au mitano, Titi angeinuka pale akaenda kuvua hiyo kijani bila neno. Akamshika kichwa.

"Sina uzito. Pita, mdogo wangu, na Mungu awe nawe."

Watu wakapumua. Msemaji akatabasamu na kumgeukia kwa heshima, akamwomba ataje zawadi yake, asione haya, Danar yu tayari. Danar, nyuma ya masinia, alikaa wima kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Palupi alikuwa hajalala, na saa ile bado hakuwa na neno moja alilolipanga. Lakini alipoulizwa, alijua.

"Danar, naomba wewe na Titi msihamie Bekasi. Mje mkae hapa, na Mama. Hiyo ndiyo zawadi yangu. Sitaki nyingine."

Mjomba wa Danar alifikiri hakusikia vizuri, akamwomba arudie, naye akarudia vilevile. Mzee yule akajikuna shingo, akasema kwa uzoefu wake zawadi huwa ni kitu cha kuwekwa kwenye sinia, na mama mzima hawekwi kwenye sinia. Watu wachache wakacheka, wakaacha.

"Na wewe, Mbak?" Titi aliuliza, bado amepiga magoti. "Wewe utakaa wapi?"

"Purworejo, kama bado nitakubaliwa. Na kama nimechelewa, nitajua pa kwenda."

Hapo hata waliokuwa nje dirishani walielewa. Galoni zote za miaka minane zilielewa. Bi Marsiyem hakuwa ameinua macho tangu mwanzo. Sasa aliinua.

"Sikujua kwamba mimi ni mzigo wa kupokezana," alisema polepole.

"Wewe si mzigo, Mama. Mzigo mtu huutua popote. Mimi nataka kukukabidhi kwa watu wanaokupenda, niwaone wakikupokea, ndipo niende."

Shangazi mmoja wa Danar, mwanamke mwenye nia njema na sauti kubwa, alimnong'oneza jirani yake kwa namna ambayo wote walisikia. Si ni yule wa maji? Lakini yule ni wa tatu na huyu ni wa kwanza, hilo si halifai? Macho ya watu yakamrudia Palupi. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, fupi, maneno mawili tu. Mama Mkubwa Tumirah alikuwa amekwisha kufungua kinywa, lakini Palupi alimwekea mkono gotini akakifunga. Alimtazama mama yake. Hakutaka kulisema kwa niaba yake, na hakutaka kumwaibisha. Kama halitasemwa leo na mwenyewe, basi lisisemwe, na yeye ataondoka hivyohivyo na jina la mkosi.

Bi Marsiyem akaiweka sawa shali yake begani.

"Huyu si kifunguamimba wangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekuwa anapumua. "Kifunguamimba wangu amelala Klaten. Jina lake Sugeng. Palupi ni wa pili. Nililijua hilo nikalificha, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu, na nimemchelewesha mwanangu bure. Naomba radhi kwake, na kwa yule kijana, na kwenu mnaosikia."

Titi alikuwa amegeuka anamtazama mama yake mdomo wazi. Msemaji alimtazama mpwa wake, maana mwisho wa yote zawadi ilikuwa ni juu yake. Danar alifikiri kwa uaminifu kabisa, watu wakimwona anavyofikiri.

"Kutoka hapa mpaka kazini ni treni mbili na pikipiki," alisema. Akamtazama Titi, akamtazama Bi Marsiyem. "Basi nitakuwa naamka alfajiri. Mama, unanipokea?"

Bi Marsiyem alimpa mkono, Danar akauweka kwenye paji la uso wake, na kelele zikaanza, watu wanalia na kucheka na kuulizana sahani ziko wapi. Katikati ya kelele hizo Bi Marsiyem alimvuta Palupi kwa mkono wa nguo.

"Unangoja nini? Nenda ukamwite aje ale. Mwambie nimemwita mimi."

Palupi alipita kwenye viatu vile mlangoni, akaingiza miguu kwenye ndara za kwanza alizoziona. Moja ilikuwa ya mwanamume. Alikwenda nazo hivyohivyo, na nguo yake ya shughuli na maua kichwani, watoto wa uchochoro wakimtazama.

Wasis alikuwa dukani anasuuza galoni tupu. Alimwona akiingia na mavazi yale, lakini akaendelea kusuuza, kwa mazoea.

"Shughuli imekwisha?"

"Nina kaka," alisema Palupi. Alikuwa anahema. "Mkubwa wangu. Anaitwa Sugeng. Nimemjua jana."

Mwanamume ambaye amezihesabu hesabu hizo miaka minane hahitaji kuelezwa mara mbili. Wasis alifunga bomba. Mikono ilikuwa inachuruzika maji na hakuifuta.

"Mama yako anasemaje?"

"Amelisema yeye mwenyewe mbele ya watu. Anakuita ukale."

"Atabaki na nani?"

"Na Titi na Danar. Nimewaomba, wamekubali."

Wasis aliketi juu ya galoni iliyopinduliwa. Akatazama sakafu iliyolowa. Palupi hakuwahi kumwona analia, na sasa alipomwona hakugeuza uso. Alikaa karibu yake, bega kwa bega, na safari hii hakuna aliyekohoa.

"Kaka yangu amezikwa Klaten," alisema baadaye. "Amekufa hajaoa. Mimi nikiolewa nampita, Mas. Siwezi kumpita bila kupiga magoti kwake. Klaten si mbali na kwenu. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka." Wasis alijifuta uso kwa mkono uliolowa, ikawa kazi bure. "Na kama naye anataka zawadi?"

Palupi alifikiria lile kaburi dogo pembeni ya babu, na mama yake ambaye hajalitia machoni tangu alipohamia Jakarta.

"Tutampelekea mama yake," alisema.

Wasis akainuka, akashusha mlango wa duka.